Shukrani ya Mgeni ni Jembe



Usiku mmoja baada ya sala ya Isha tulikuwa tumekaa barazani, na mzee mmoja wa mtaani kwetu akanipa simu yake nimsomee maneno aliyoletewa na mwanawe, kwani macho yake hayaoni tena herufi ndogo. Kijana huyo yuko Marekani, katika mji mdogo wa wakulima, na huu ni mwaka wake wa saba. Ana mke na watoto wawili, na watoto hao wanasoma skuli ya mji ule. Sasa majirani zake wamemwendea na maombi mawili. La kwanza, ajiunge na kikosi cha wazima moto cha mji, ambacho ni cha watu wa kujitolea wasiolipwa mshahara. La pili, akae katika kamati ya wazazi pale skulini. Naye anamwuliza babake: "Mimi huku ni mgeni, na watu hawa si wa dini yetu. Nasali sala zangu tano, nafunga Ramadhani yangu, sinywi wala sili haramu, na kila mwezi naleta nyumbani ninachojaaliwa. Namshukuru Mungu kwa yote. Sasa mambo ya mji wao yanihusu nini?"

Mzee alinitazama akaniuliza, "Nimjibu nini, maalim?" Nami usiku ule sikuwa na jibu la kumpa, nikamwomba anipe muhula. Jibu langu ndilo hili. Nimeona niliandike hapa kwa sababu nyumba nyingi za pwani yetu leo zina mtoto aliyeko ng'ambo, na kwa sababu nyingine ambayo nitaitaja mwishoni.

Kijana amesema kwamba anamshukuru Mungu. Tuanze hapo basi, kwani neno hili shukrani tumelizoea mno hata tumesahau uzito wake. Tukishiba twasema Alhamdulillahi, tukipona twasema, na tukiulizwa khabari zetu twasema hata kama nyumbani hakukupikwa. Na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Lakini Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameeleza katika kitabu chake Ihya Ulumiddin kwamba shukrani ina mambo matatu. La kwanza ni elimu, nayo ni kujua kwamba neema uliyonayo haikutoka kwako wewe, bali imetoka kwa Mwenyezi Mungu. La pili ni hali ya moyo, nayo ni kumfurahia kwa unyenyekevu yule aliyekupa. La tatu ni amali, nayo ni kuitumia neema ile katika jambo analoliridhia aliyekupa. Ulimi una shukrani yake, nayo ni kumhimidi Mungu. Lakini jicho nalo lina shukrani yake, nayo ni kuisitiri aibu ya mwenzio unapoiona. Sikio lina yake, na mkono una wake wajibu wa kushukuru.

Wala haya si maneno ya Ghazali peke yake. Tazama yaliyosemwa katika Sura ya Sabaa juu ya Nabii Daudi na jamaa zake. Hawakuamrishwa kusema shukrani tu. Waliamrishwa kutenda, na kutenda kwenyewe kuwe ni shukrani. Kisha aya ikatukumbusha kwamba katika waja wa Mungu wanaoshukuru kweli ni wachache. Na Mtume wetu (S.A.W.) alipokuwa akisimama usiku kusali hata miguu yake ikivimba, akaulizwa kwa nini anajitaabisha hivyo naye amekwisha kusamehewa, jibu lake lilikuwa kwamba anataka awe mja mwenye kushukuru. Hakusema kwamba amekwisha kushukuru kwa ulimi na yatosha. Aliyatia mashaka ya miguu yake ndani ya shukrani.

Basi tukijua kwamba shukrani ni kazi, suala la pili lafuata: kazi hiyo afanyiwe nani? Mwenyezi Mungu hahitaji chochote kutoka kwetu. Hatuwezi kumpikia wala kumjengea wala kumzimia moto. Hapo ndipo inapotufaa hadithi waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, ambayo maana yake ni kwamba asiyewashukuru watu hakumshukuru Mungu. Neno lenyewe ni watu. Halikubagua kabila wala mji. Neema ya Mungu haitushukii kama mvua kutoka mbinguni moja kwa moja. Nyingi yake hutufikia kwa mikono ya watu, na mkono ulioifikisha una haki yake.

Mtume mwenyewe alitufundisha jambo hili. Waislamu wa mwanzo walipoudhiwa Makka, kundi lao lilivuka bahari likaenda Uhabeshi, nchi ya mfalme Mnasara, Najashi. Mfalme yule aliwapokea, akakataa kuwarudisha kwa maadui zao, wakaishi kwake kwa amani. Imesimuliwa kwamba miaka mingi baadaye, ujumbe wa Najashi ulipofika Madina, Mtume alisimama akawahudumia kwa mikono yake mwenyewe. Masahaba wakamwambia kwamba wao watamtosheleza kazi hiyo, naye akakataa, kwa kuwa watu wale waliwakirimu masahaba zake nao wakiwa wageni, na alipenda awalipe yeye mwenyewe.

Wazee wetu nao waliliweka jambo hili katika maneno machache: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wako wanaoidhani methali hii kuwa ni ya uchoyo, kana kwamba mwenyeji amechoka na anamfukuza mgeni kwa adabu. Mimi siioni hivyo. Mgeni anayefukuzwa huonyeshwa mlango. Anayepewa jembe ameonyeshwa shamba, maana yake amehesabiwa kuwa ni katika watu wa nyumba. Abdulrahman bin Auf alipohamia Madina mikono mitupu, nduguye wa Kiansari alitaka kumgawia nusu ya mali yake. Abdulrahman alimwombea baraka, kisha akataka aonyeshwe soko liko wapi. Alijitafutia jembe lake mwenyewe hata siku ya tatu haijafika.

Sasa, kwa kuwa kijana wetu yuko Marekani, na tumtazamishe mifano miwili ya nchi hiyo hiyo: mmoja wa shukrani iliyokomea mdomoni, na mmoja wa shukrani iliyoshika jembe.

Wamarekani wana sikukuu yao ya kushukuru. Rais Lincoln aliitangaza mwaka 1863, katikati ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, na tangu mwaka 1941 sheria yao imeiweka Alkhamisi ya nne ya mwezi wa Novemba. Asili yake huhadithiwa kuwa ni karamu iliyofanyika mwaka 1621 katika kijiji cha Plymouth. Watu 102 walivuka bahari kutoka Uingereza mwaka 1620 katika jahazi liitwalo Mayflower, na baadhi yao walikuwa wakikimbia kuonewa kwa ajili ya madhehebu yao. Kabla ya kujenga hata kibanda, wanaume 41 walitia saini mapatano kwamba watakuwa jamii moja na watatunga sheria za haki kwa manufaa ya wote. Jambo hilo lilikuwa zuri. Lakini baridi ikawashukia, na ilipokwisha nusu yao walikuwa wamekufa.

Waliowaokoa ni wenyeji. Mtu mmoja aitwaye Tisquantum, ambaye zamani aliwahi kutekwa na Waingereza akapelekwa kuuzwa Uhispania, na aliporudi akakuta watu wa kijiji chake wote wamemalizwa na maradhi, ndiye aliyewafundisha kupanda mahindi na kutia samaki katika shimo la mbegu ili ardhi ipate rutuba. Massasoit, mkuu wa Wawampanoag, alifanya nao mapatano ya amani. Mavuno yalipokuja walifanya karamu ya siku tatu, na Massasoit akaja na watu kiasi cha 90, wakaleta paa watano. Huo ndio wageni na wenyeji walivyokula pamoja.

Lakini tazama yaliyofuata. Wageni wakazidi, ardhi ya wenyeji ikazidi kupungua, na mwaka 1675, miaka 54 tu baada ya karamu ile, vita vikazuka kati ya wageni na Metacom, naye ni mwana wa yule yule Massasoit. Mwaka 1676 Metacom aliuawa, mkewe na mwanawe wakatekwa, na mateka wengi wa watu wake wakauzwa utumwani ng'ambo ya bahari. Kichwa chake kililetwa Plymouth kikawekwa juu ya mti, kikakaa hapo miaka. Na imeandikwa kwamba siku kilipoletwa ilikuwa ni siku waliyoitenga kanisani kwa ajili ya kumshukuru Mungu.

Ndugu msomaji, soma tena sentensi hiyo. Watu wale hawakuacha kushukuru. Midomo yao ilikuwa na shukrani tangu mwanzo hata mwisho. Ila shukrani yao ilipaa juu ikampita jirani bila ya kumgusa. Tangu mwaka 1970 wako wazawa wa wenyeji wale wanaokusanyika Plymouth siku hiyo ya sikukuu, nao kwao ni siku ya maombolezo. Wala sisi tusiwanyooshee kidole, kwani sala inayompita jirani haiko Plymouth tu. Sura ya Maaun imetuonya sisi wenyewe juu ya wenye kusali ambao huwanyima watu hata msaada mdogo.

Mfano wa pili ni wa ndugu zetu katika imani, na wengi wetu hatuujui. Katika jimbo la Iowa, katikati ya nchi ya mahindi, uko mji uitwao Cedar Rapids. Tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19 walifika huko Waarabu kutoka nchi za Shamu, sehemu ambazo leo ni Lebanoni na Siria, Wakristo na Waislamu. Walianza kwa uchuuzi. Mtu alijitwika furushi la nyuzi, sindano na vitambaa, akatembea kwa miguu kutoka shamba hadi shamba, hata baridi ya theluji. Baadaye wengine wakafungua maduka ya vyakula. Waislamu walikuwa familia chache tu katika mji wa watu wapatao 56,000.

Mwaka 1929 uchumi wa Marekani ulianguka. Mabenki yalifungwa, bei ya mahindi ikaporomoka, wakulima wakanyang'anywa mashamba kwa madeni. Katika miaka hiyo hiyo ya dhiki familia zile chache zilichangishana, na mwaka 1934 zikakamilisha msikiti: nyumba ndogo ya mbao yenye kuba dogo juu ya mlango. Leo huitwa Msikiti Mama wa Amerika, nao ni msikiti mkongwe kuliko yote iliyosalia katika nchi ile miongoni mwa iliyojengwa tangu msingi kwa ajili ya kusalia. Mwaka 1948 wakapata makaburi yao, katika ardhi aliyoitoa mmoja wao. Mtu mwenye nia ya kuchuma na kuondoka hajishughulishi na makaburi. Anayetenga ardhi ya kuzikiwa amekwisha kusema kwa vitendo kwamba mji huu ni wangu, na shida yake ni shida yangu.

Katika watoto wa jamii hiyo alikuwamo kijana aitwaye Abdallah Igram. Vita vikuu vya pili vilipotokea alikwenda jeshini kama vijana wenziwe wa mji wake. Kila askari alivaa shingoni kibati chenye jina lake, na herufi ya dini yake, ili akifa ajulikane azikweje. Palikuwa na herufi ya Waprotestanti, ya Wakatoliki na ya Mayahudi. Ya Waislamu haikuwapo. Igram alipigana akarudi salama, kisha mwaka 1953 akaandika barua kwa Rais Eisenhower kutaka askari Waislamu nao watambuliwe kwa dini yao. Jambo hilo likakubaliwa. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1952, ulikuwa umefanyika katika mji ule ule mdogo mkutano wa Waislamu kutoka pembe mbalimbali za Marekani na Kanada, na yeye alikuwa miongoni mwa viongozi wake.

Zingatia mpangilio wa mambo haya. Igram hakuacha dini yake ili apate kuutumikia mji, wala hakuacha kuutumikia mji ili aihifadhi dini yake. Alitumikia, na kwa kuwa alitumikia, alipodai haki ya dini yake alidai kama mtu wa nyumba, si kama mgeni anayelalamika mlangoni. Mwenye kushika jembe ana kauli shambani.

Najua kijana wetu atakuwa na hoja zake, na ni haki yake kuwa nazo. Nitajaribu kuzijibu tatu.

Hoja ya kwanza: watu hawa si wa dini yetu. Namjibu kwa Nabii Yusuf. Aliingia Misri akiwa mtumwa aliyeuzwa, akafungwa jela bila ya hatia, na watu wa nchi ile hawakuwa wa dini yake. Alipopata nafasi hakuwaambia shauri yenu na njaa yenu. Yeye mwenyewe aliomba akabidhiwe hazina ya nchi, akaweka akiba ya miaka ya shibe kwa ajili ya miaka ya ukame, na walioshiba kwa kazi yake walikuwa ni wao. Na mwisho wa kisa chake ni dua ya kushukuru. Ni kweli kwamba ziko shughuli za wenzetu ambazo Mwislamu hana nafasi ndani yake, na kijana aseme hapana pale inapopasa hapana, kwa adabu na bila ya kuona haya. Lakini kubeba mpira wa maji kwenda kwenye nyumba inayoungua si ibada ya watu wengine, na kuuliza watoto wanafundishwa nini skulini si kuritadi.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: je, kama wenyeji wenyewe hawatutaki? Katika jimbo la Maine kuna mji uitwao Lewiston, mji wa viwanda vya nguo vilivyokwisha kufungwa. Kuanzia mwaka 2001 walihamia huko Wasomali, wengi wao waliopita katika kambi zetu za hapa Kenya, Dadaab na Kakuma. Mwezi wa Oktoba 2002 meya wa mji aliandika barua ya wazi akiwataka Wasomali wapunguze kuja, kwa kuwa mji umeelemewa. Barua ile iliwachoma wengi. Wabaguzi wa rangi kutoka nje wakaona wamepata nafasi, wakaitisha mkutano wao huko tarehe 11 Januari 2003. Siku ilipofika, waliohudhuria upande wao walikuwa makumi tu, na upande wa pili walikusanyika kiasi cha watu 4,000 kusimama pamoja na majirani zao Waislamu. Wasomali nao hawakufunga milango wakanuna. Walifungua maduka katika barabara iliyokuwa imekufa. Mwaka 2015 timu ya mpira ya skuli ya mji, ambayo wachezaji wake wengi walikuwa watoto wa wakimbizi, ilichukua ubingwa wa jimbo. Na mwaka 2019 binti mmoja wa Kisomali, Safiya Khalid, alichaguliwa kuwa diwani. Sisemi kwamba chuki imekwisha, kwani chuki haiishi kwa mpira wala kwa kura. Nasema kwamba mji hauna kauli moja. Mmoja akikuambia ondoka, huenda nyuma yake wako mia waliotaka kukuambia karibu, na hawatakujua ukijifungia ndani.

Hoja ya tatu: mimi napita tu, nitarudi kwetu. Huenda akarudi, Inshallah. Lakini sote tunapita, hata aliyekaa mtaa mmoja tangu kuzaliwa kwake. Na katika mafundisho ya Mtume (S.A.W.) imo hadithi kwamba hata Kiyama kikisimama na mtu ana mche mkononi, akiweza kuupanda basi na aupande. Mche ule hautaliwa na mtu. Thawabu haikuwekwa katika kula, imewekwa katika kupanda. Mwenye kupita njiani akaondoa mwiba amepata fungu lake, ijapokuwa hatarudi kupita njia ile tena.

Kisha kuna jambo la chombo, nasi watu wa pwani hatuna haja ya kuelezwa chombo ni nini. Bukhari amepokea mfano alioutoa Mtume (S.A.W.) wa watu waliogawana nafasi katika jahazi, wengine juu na wengine chini. Wa chini walipoona taabu kupanda kila mara kuchota maji, wakasema tutoboe tundu katika sehemu yetu. Wa juu wakiwaacha, wataangamia wote. Wakiwazuia mikono, wataokoka wote. Maji yakiingia hayaulizi nani ana nauli na nani hana, nani nahodha na nani mgeni. Kijana wetu yumo katika jahazi lile. Watoto wake wamo. Nyumba anayolala imeshikana na za wenziwe. Atasemaje kwamba tundu halimhusu?

Nchi ile ina desturi ya zamani katika jambo hili. Mwaka 1736 Benjamin Franklin na wenziwe waliunda kikosi cha kuzima moto katika mji wa Philadelphia, na kila mmoja alilazimika kuweka tayari nyumbani kwake ndoo za ngozi. Hata leo wazima moto wengi wa Marekani ni watu wa kujitolea, na hasa katika miji midogo. Fundi, mkulima na mwalimu wote huacha shughuli zao king'ora kikilia. Lakini je, hili ni geni kwetu? Nani kati yetu watu wa makamo asiyekumbuka paa la makuti likishika moto? Ukelele ulipigwa, na mtaa mzima ukatoka na ndoo, madebe na sufuria, watu wakapangana mstari kutoka kisimani. Hakuna aliyeuliza nyumba ni ya nani na anasali wapi. Mwanachuoni angeliita jambo hilo fardhi kifaya: wakilifanya wengine dhima huwatoka wote, na wakiliacha wote dhambi ni ya wote. Ghazali huyo huyo aliwalaumu watu wa zama zake kwamba wote walikimbilia kusoma fikihi, na miji ikawa haina tabibu Mwislamu hata mmoja, ilhali utabibu nao ni fardhi kifaya. Mji wa kijana wetu una nyumba za kuungua na watu wachache wa kuzizima. Yeye ana mikono na afya, na afya hiyo ndiyo neema anayosema anaishukuru.

Hayo ndiyo majibu yangu kwa kijana. Sasa nitaje ile sababu nyingine niliyoiahidi.

Nilipomsomea mzee majibu haya alinyamaza kwa muda mrefu. Nilidhani hakuridhika. Kisha akaniambia: "Maalim, mwanangu hakulitoa neno hilo Marekani. Amelitoa kwangu. Miaka yote aliyokuwa skuli hapa, kila nikiitwa mkutano wa wazazi nikisema, mambo ya skuli ni ya serikali, yanihusu nini? Alikuwa akinisikia."

Nami, ndugu msomaji, nilinyamaza pia, kwa sababu nilikumbuka mtaro ulio mbele ya nyumba yangu. Umeziba tangu masika yaliyopita. Kila asubuhi nauruka nikienda kusali Alfajiri, na kila asubuhi nasema kwamba baraza la mji limelala. Nauruka nikimshukuru Mungu kwa kuniamsha salama. Maji machafu yanakwenda kusimama mlangoni mwa jirani yangu, mjane mwenye watoto wadogo, na mbu wake hawajui mpaka wa nyumba. Shukrani yangu ilikuwa inampita jirani kama ile ya watu wa Plymouth. Tofauti ni kwamba mimi sikuhitaji kuvuka bahari.

Sisi tulio nyumbani tunajiona kuwa ndio wenyeji, kwa hiyo jembe ni la wengine. Lakini pwani hii ni ya wageni tangu zamani. Upepo wa kaskazi umetuletea watu wa Hadhramaut, wa Omani na wa Bara Hindi, na wengine wamekuja kutoka Ngazija, Barawa na bara. Wengi wetu babu zetu walipewa jembe na mtu fulani ambaye jina lake hatulijui. Visima tunavyovitumia walichimba wao, na misikiti ni wakfu wao. Tukiyala matunda yao na tusipande kitu, tumekuwa wageni wa siku ya tatu ambao bado wanangoja kuandaliwa.

Kwa hiyo mzee alimjibu mwanawe kwa maneno mafupi kuliko yangu. Nilimwandikia mimi, lakini maneno ni yake: "Mwanangu, nenda ukazime moto na watu wa mji wako, na katika kamati ya skuli ukae. Ukisimama mbele yao simama kama Mwislamu, wakujue hivyo. Mimi nilikosea, nawe usinifuate katika kosa. Nami Jumamosi hii nakwenda skuli ya mtaani kusikiliza wanalosema."

Alikwenda. Na Jumapili yake asubuhi vijana watatu, mimi na koleo la kuazima tuliuzibua mtaro. Haikutuchukua hata saa mbili. Yule mjane alituletea chai, akatushukuru mno hata nikaona haya, maana deni lilikuwa langu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa katika wale wachache wenye kushukuru, kwa ndimi zetu, kwa nyoyo zetu na kwa mikono yetu, popote alipotuweka. Amin.